Je, wajua kwa nini mshumaa hutoa maji?

Stima ikipotea usiku na mshumaa ukishawashwa, chukua bilauri kavu uifunike juu ya mwali kwa muda mfupi tu. Ndani yake itaingia ukungu papo hapo. Pitisha kidole: ni maji. (Usitumie kikombe cha barafu, maana kwa joto letu la Mombasa kitatoa jasho chenyewe.)

Maji hayo yametoka motoni. Nta ina kaboni na hidrojeni. Ikiungua, hidrojeni hushikana na oksijeni ya hewani ikawa maji, yakapanda kama mvuke usioonekana mpaka yakutane na kitu baridi.

Aliyelifanya jambo hili somo la watoto ni Michael Faraday, mwanakemia wa Uingereza aliyezaliwa 1791. Babake alikuwa mhunzi. Shule hakuipata sana. Aliwekwa kujifunza kujalidi vitabu, na vile alivyovijalidi akawa anavisoma. Ndiye aliyegundua benzini (kioevu cha kaboni na hidrojeni, si petroli), mwaka 1825.

Mimi kinachonigusa zaidi ni kazi yake ya minara ya taa. Tangu 1836 hadi 1865 alikuwa mshauri wa sayansi wa Trinity House, wasimamizi wa minara ya huko. Sisi tunaokwenda jioni pale Ras Serani kula mihogo ya pilipili na ndimu, huku meli zikiingia Kilindini, tunajua baharia anavyoutegemea mnara. Zama hizo taa ziliwaka kwa mafuta, na mafuta nayo yakiungua hutoa maji yale yale. Vioo vya mnara vikaingia ukungu kwa ndani, wakati wa baridi kali ukaganda kuwa barafu, na mwanga ukafifia kabla haujafika baharini. Faraday akabuni bomba la kuuchukua mvuke na moshi kutoka juu ya taa hadi nje. Haki ya ubunifu huo hakujiwekea, alimpa kakake Robert.

Februari 1860, akiwa na miaka 68 na njia zimezibwa na theluji, alikatiza mashamba na kuruka nyua ili aufikie mnara wa South Foreland, akague taa ya umeme iliyokuwa ikijaribiwa. Krismasi ya mwaka huo huo akasimama mbele ya watoto katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, akawasomesha mihadhara sita, yote juu ya mshumaa.