Kunyamaza Siyo Unyenyekevu

Kuna sentensi ambayo kila ikisemwa ofisini kwetu hapa Tabora, naweka kalamu chini. Mara nyingi huitoa mjomba au shangazi wa mume, tena kwa kusifia: "Huyu binti ni mnyenyekevu sana, hajawahi kumjibu mumewe." Wiki hii nimeisikia tena. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye usuluhishi wa ndoa na matunzo ya watoto. Ndoa zinazonifikia zikiwa hazishikiki tena, nyingi zina mtu aliyesifiwa hivyo miaka yote.

Dhana: Mnyenyekevu hajibu, anavumilia.

Unyenyekevu ni kukubali kwamba huenda umekosea, ukampa mwenzako nafasi ya kukuonyesha. Sasa atakuonyeshaje kama amefundishwa kufunga mdomo? Anayenyamaza kwa kuogopa, anaogopa tu. Msimpambe kwa sifa isiyo yake.

Chukueni familia ya mkulima wa tumbaku, maana ndio wengi huku. Mke ameshinda kwenye kitalu, amechuma majani, ameyatunga kwenye vijiti, ameamka usiku kuchochea moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Soko likifunguliwa, malipo yanaingia kwenye akaunti ya mume, kwa kuwa ndiye mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mume ananunua pikipiki. Mke anaambiwa, anasema "sawa". Mbele ya wazee anapiga magoti, anasema "sawa". Mbele yangu ni "sawa" hiyo hiyo, huku vidole vinakunja na kukunjua pindo la kitenge, mpaka niwaombe wazee watupishe kidogo. Hapo ndipo yanapomwagika: michango ya shule ya mtoto, deni la dukani, mahindi yaliyouzwa bila yeye kujua. Mume akirudishwa ndani akayasikia, anashangaa kabisa: "Mbona hukuniambia?" Namwamini. Hakuambiwa, kwa sababu ukoo mzima ulikubaliana kwamba kumwambia ni utovu wa adabu.

Na hapo hakuna aliyemuuliza mume unyenyekevu wake yeye uko wapi. Ukidaiwa upande mmoja tu, huo ni utawala, tuache kuupaka rangi. Wanaodhani kuvumilia kipigo nako ni unyenyekevu, wasome kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishatamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Sembuse huyu aliyekesha banini?

Sisemi watu waache kupiga magoti. "Mwangaluka" ya asubuhi na goti chini mbele ya mkubwa ni adabu nzuri, hata wanangu nimewafundisha. Ila goti ni salamu. Wapo wanaolipiga vizuri kuliko wote, na kusikia hawasikii.

Dawa yangu ni moja, wenzangu ofisini wameshaichoka: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako mpaka yeye mwenyewe akubali, "Ndiyo, ndicho nilichosema." Inaonekana rahisi. Mke anasema, "Sikujua bei ya pikipiki." Namgeukia mume arudie. "Anasema mimi mwizi." Hapana baba, rudia tena. "Anasema sina akili ya pesa." Rudia tena. Kuna siku kikao kizima kinaishia kwenye sentensi moja hiyo, na bado nahesabu kwamba tumefanya kazi.

Dhana: Mkubwa akiomba radhi, anadharauliwa.

Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakuwa amemgusa mtu, lakini alikubali kwamba wizara ni yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Sasa wewe unashindwa kumwomba radhi mkeo kwa ajili ya mahindi? Halafu mniondolee hii ya "kama nimekukosea, nisamehe". Kama ya nini, na umekosea? Taja kosa.

Dhana: Mnyenyekevu hujishusha.

Kikoba kinatafuta mweka hazina. Mama anayejua hesabu kuliko wote anainamisha kichwa: "Mimi sijui kitu jamani, chagueni wengine." Anachaguliwa mwenye maneno mengi, na baada ya miezi daftari halisomeki. Unajua, sema unajua. Kisha ukubali kukaguliwa.

Dhana: Mtu mwenye heshima zake hachekwi.

Tena inasemwa Unyamwezini! Utani wetu na watu wa pwani una mizizi kwenye safari za misafara, na mpaka leo mtani anaweza kuingia msibani akaanika ubahili wa marehemu, wafiwa wakacheka na machozi yao. Wazee waliweka kabisa mtu wa kukushusha, tena huruhusiwi kukasirika.

Dhana: Unyenyekevu ni wa kuzaliwa, mimi nimezaliwa na hasira.

Hii sina muda nayo. Baba anayeniambia nyumbani hawezi kujizuia, ndiye huyo huyo aliyesimama sokoni mteuzi wa tumbaku akimshushia daraja la majani yake, akasema "sawa bosi" na kushukuru. Nikimuuliza siku hiyo hasira aliiacha wapi, anaanza kutafuta kofia yake.