Jino limeng'oka uwanjani? Usisubiri Jumatatu

Mechi za mchangani zikichanganya huku Mbeya, Jumatatu asubuhi hapa kliniki ya meno napokea vijana wenye meno mfukoni. Majibu ya mnayouliza sana ni haya.

Swali: Nimegongana na beki, jino limetoka zima. Nifanyeje?
Jibu: Liokote kwa ile sehemu nyeupe inayoonekana ukicheka, mzizi usiuguse. Kama lina vumbi lisuuze kwa maziwa au maji safi, sekunde 10 zinatosha, alafu lirudishe kwenye tundu lake hapohapo uwanjani, ng'ata kitambaa safi, panda bodaboda uje. Ndani ya nusu saa lina nafasi nzuri ya kushika, likikaa kavu saa nzima hali inakuwa mbaya.

Swali: Naogopa kulirudisha.
Jibu: Litumbukize kwenye maziwa ya baridi. Maziwa fresh jamani, siyo mtindi, na kwa Uyole au Tukuyu usiniambie umekosa. Ukikosa kweli, temea mate kwenye kikombe uliweke humo. Siyo kwenye tishu, siyo kwenye pombe, na msisugue! Kuna mmoja kaniletea jino kalisugua na stiliwaya mpaka linang'aa, anatabasamu kabisa, kumbe ule utando alioukwangua ndo unaoshikisha jino kwenye mfupa.

Swali: Si naweza kuja kesho, mbona haliumi sana?
Jibu: Hapana. Kutouma hakumaanishi kitu, unakuja saa hiyohiyo.

Swali: Na ikiwa Jumapili?
Jibu: Saa hiyohiyo. Nenda dharura hospitali kubwa iliyo karibu.

Swali: Kocha kasema tumalize mechi kwanza.
Jibu: Mwambie kocha hapana. Dakika 45 za kipindi cha pili ndo hizohizo za kuokoa jino. Na kama ulizimia, au meno ya juu na chini hayakutani vizuri, hapo wahi hospitali kwanza, kichwa na taya viangaliwe.

Swali: Mtoto wa miaka 5 je?
Jibu: La utoto halirudishwi, linaweza kuumiza la ukubwani lililo chini yake. Mlete tu tumwone.

Swali: Kinga ya meno ni ya mabondia tu?
Jibu: Ya yeyote anayegongana, karate na mpira mmo. Ipo ya kulainisha kwa maji ya moto ukang'ata ikashika umbo, ila ya kupimwa na daktari wa meno inakaa vizuri zaidi. Ioshe kwa maji ya baridi, ya moto yanaipindisha. Na nyie wa ndondi acheni kuazimana, inatoka mdomoni kwa huyu ina damu inaingia kwa mwingine, hiyo tabia siielewi kabisa.