Kanoni ya Biblia: je, ni Konstantino aliyechagua vitabu?

"Biblia ilitungwa na Konstantino kule Nikea mwaka 325." Nimelisikia dai hili mara nyingi, na huaminika upesi kwa kuwa limebeba jina la mtawala, Kaisari wa Roma, na mwaka. Kulipima kunahitaji kwanza kuelewa neno moja: kanoni.

Kwa Kigiriki, kanon ni ufito wa kupimia, na hatimaye kipimo chochote cha kufuatwa. Neno hilohilo lilipitia Kiarabu, qanun, likatufikia likiwa kanuni. Kanoni ya Biblia, basi, ni orodha ya vitabu ambavyo kanisa limevikubali kuwa Maandiko Matakatifu. Kukitunga kitabu ni kazi moja, kukiingiza katika orodha ni nyingine. Dai la Nikea huzivuruga zote mbili.

Konstantino aliitisha kweli mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Lakini maaskofu walibishania mafundisho ya padre Ario kuhusu Kristo, wakashughulikia na tarehe ya Pasaka. Walituachia Kanuni ya Imani pamoja na sheria 20 za kanisa, na katika hizo 20 hakuna hata moja inayopanga vitabu vya Biblia. Ile hadithi ya vitabu kuwekwa kwenye altare, vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini, imo katika andiko la Kigiriki la karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baadaye.

Orodha yenyewe ilikomaa polepole. Karibu na mwaka 180, askofu Ireneo wa Lyon alikuwa tayari akitetea Injili nne, zisizidi wala zisipungue. Eusebio, askofu na mwanahistoria aliyeishi zama za Konstantino, aliandika kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohane bado vilikuwa na wapingaji. Vitabu vyote 27 vya Agano Jipya vinaonekana pamoja katika barua ya Pasaka ya askofu Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Konstantino alikuwa amekufa miaka 30 nyuma.

Tena, kama mtawala mmoja angeifunga orodha kwa amri, mbona hadi leo Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, na Waorthodoksi wa Ethiopia huhesabu 81?

Swali la nani aliandika kila kitabu linabaki, na ni la haki kuulizwa. Waraka kwa Waebrania hautaji jina la mwandishi wake. Origen, mwanazuoni wa karne ya 3, aliuchunguza akakiri kuwa Mungu ndiye ajuaye.