PRP haikuoteshei kano mpya

Wengi wanaoumwa kano ya kisigino huambiwa kwamba sindano ya PRP ni seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zitakazootesha kano mpya. Sivyo. PRP ni plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi, basi. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji hadi chembe nyekundu zitengane, kisha majimaji yenye chembe sahani yanadungwa penye maumivu.

Wazo lenyewe lina mantiki. Chembe sahani, mbali na kugandisha damu, humwaga protini zinazochochea ukarabati, na kano hupata damu kidogo, ndiyo maana hupona polepole. Lakini mantiki si ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliwadunga watu 54 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino: nusu PRP, nusu maji ya chumvi. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti ya maana. Uingereza, katika utafiti wa 2021, wagonjwa 240 waligawanywa kati ya PRP na sindano ya kuigiza isiyo na PRP. Miezi 6 baadaye, hali ileile.

“Lakini jirani yangu alipona!” Huenda alipona kweli. Maumivu ya kano hupanda na kushuka yenyewe, na wale wa Uholanzi wote walipewa pia mazoezi ya kushusha kisigino taratibu kwenye ngazi. Mazoezi hayo, yanayofanywa kwa wiki 12 hivi, ndiyo ya kuanza nayo kabla hujalipia sindano.