Cheti Chako na Kina cha Meli: Kwa Nini Nahodha Hukuzuia Kuingia Majini

Msimu huu ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa wapiga mbizi waliolipia safari ya kwenda kwenye miamba bandia iliyo katika kina kirefu, kisha wakazuiwa na nahodha kuingia majini, au wakaruhusiwa kuona sehemu ya juu tu ya meli waliyoijia. Wengi huandika kwa uchungu, nasi tunauelewa, kwa kuwa safari za namna hii hupangwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa. Hata hivyo, katika karibu kila shauri tulilolipitia nahodha alikuwa na haki, na chanzo cha mgogoro kilikuwa kilekile: mteja alisoma tarakimu moja kwenye tangazo la safari, akadhani kuwa hicho ndicho kina cha meli nzima.

Meli iliyozamishwa kwa makusudi ili iwe makazi ya samaki haina kina kimoja. Mfano ulio wazi ni Oriskany, manowari ya kubebea ndege ya Marekani yenye urefu wa takriban mita 270, iliyozamishwa tarehe 17 Mei 2006 katika Ghuba ya Mexico, mbali na pwani ya Pensacola, Florida. Ilichukua dakika 37 kuzama, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, likitangulia, na ikatua wima. Mkuku wake, yaani uti wa chini kabisa wa meli, uko takriban mita 65 chini ya maji, ilhali kilele cha mnara wake kiko karibu mita 25 tu. Kati ya vina hivyo viwili ndipo ilipo sitaha pana ya kurukia ndege, ambayo kila mgeni anataka kuikanyaga. Sitaha hiyo ilikuwa karibu mita 41 wakati meli ilipotua, lakini baada ya kimbunga Gustav cha mwaka 2008 meli ilididimia zaidi mchangani na sitaha ikashuka hadi karibu mita 44. Mtu anayetumia mchoro wa mwaka 2006 kupanga mbizi yake leo anapanga kwa ajili ya meli ambayo haipo tena mahali pale.

Sasa linganisha vina hivyo na vyeti. Cheti cha mwanzo huruhusu mita 18, cha hatua inayofuata mita 30, na mafunzo maalumu ya kina kirefu humfikisha mpiga mbizi wa burudani mita 40, ambao ndio mpaka. Kwa maana hiyo mnara wa Oriskany unafikika kwa mpiga mbizi wa burudani aliyefunzwa vyema, lakini sitaha haifikiki kwa cheti chochote cha burudani, hata kama mwenye cheti amepiga mbizi kwa miaka 20. Kushuka kwenye sitaha ni kazi ya waliosomea mbizi zenye vituo vya lazima wakati wa kupanda, yaani kusimama njiani ili naitrojeni itoke mwilini, ambao mara nyingi hutumia mchanganyiko wa gesi wenye heliamu. Nahodha anayekwambia uishie kwenye mnara hakudharau uzoefu wako. Amekusomea kilichoandikwa kwenye kadi yako.

Hoja tunayoipata mara nyingi zaidi ni kwamba mita nne za ziada si kitu. Tunaomba wanaoitoa wafanye hesabu hii kwa kalamu. Katika kina cha mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu ya maji, kwa hiyo mtu anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu huvuta lita 100 kwa dakika akiwa chini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400. Ondoa bar 50 za akiba, yaani lita 600, kisha ondoa takriban lita 500 za kushuka, kupanda polepole, na kusimama dakika tatu katika mita tano. Kinachobaki kinamtosha kwa dakika 13 hivi, ikiwa ametulia kabisa. Anayehangaika na mkondo, au anayetafuta mwenziwe aliyepotea nyuma ya mnara, huweza kuvuta mara mbili ya kiasi hicho, na akilazimika kumgawia mwenziwe hewa, dakika hizo hugawanyika tena. Isitoshe, majedwali ya muda wa mbizi za burudani katika kina hicho hutoa chini ya dakika kumi kabla ya mtu kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke mwilini. Zaidi ya mita 40 kila moja ya hesabu hizi hubana zaidi.

Hapa hatuna budi kusahihisha jambo ambalo tumekwisha kulisahihisha mara nyingi mno, nalo ni kuuita mtungi wa mpiga mbizi mtungi wa oksijeni. Mtungi wa kawaida una hewa, ileile tunayoivuta sote, iliyoshindiliwa. Kosa hili halihusu lugha pekee, kwa sababu oksijeni yenyewe huwa sumu mgandamizo wake unapozidi, na anayepatwa na kifafa chini ya maji huachia kinywani kifaa cha kuvutia hewa na kuzama. Wapo wanaochukua naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, yenye asilimia 32 ya oksijeni kwa imani kwamba inawaongezea usalama popote waendapo. Inawaongezea muda katika kina cha wastani, ndiyo, lakini mpaka wake wa kawaida ni takriban mita 33. Mchanganyiko unaokubalika hadi mita 40 ni wa asilimia 28. Ndiyo maana mhudumu wa chombo hupima kila mtungi mbele yako na kukutaka uandike mwenyewe asilimia na kina cha mwisho kwenye kibandiko, kisha utie sahihi. Asiyetia sahihi haingii majini, na hakuna rufaa ya jambo hilo.

Kuhusu ulevi unaoletwa na naitrojeni ya hewa tunayoivuta kinani tutasema machache. Kuanzia karibu mita 30 akili huanza kupungua makali, na anayepungukiwa ndiye wa mwisho kutambua. Ndugu anayetuandikia kwamba yeye hajawahi kulewa kinani anatupa sababu nzuri zaidi ya kumtaka arudie mafunzo.

Vilevile wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa meli ilitayarishwa kabla ya kuzamishwa, ndani yake pia ni salama kwa kila mtu. Matayarisho hayo hulenga hasa kuondoa mafuta na vitu vyenye sumu, na matundu hukatwa ili meli izame sawasawa na maji yapite. Ni kazi ya lazima, maana bahari haisamehi uzembe: karibu na Fort Lauderdale, Florida, zaidi ya matairi milioni mbili yalimwagwa katika miaka ya 1970 kwa nia ya kujenga mwamba bandia, kamba zilizoyafunga zikakatika, nayo yakasukumwa na mawimbi hadi kuyaharibu matumbawe hai ya jirani. Lakini meli iliyosafishwa vizuri bado ina vyumba visivyo na mwanga, nyaya zinazoning'inia, na tope laini linalotibuka kwa pigo moja la pezi. Asiyefunzwa kuingia humo kwa kamba ya mwongozo abaki nje.

Turudi kwenye nyaraka, kwa kuwa ndizo zinazozua mabishano bandarini. Nahodha atataka kuona kadi yenyewe au rekodi yake kwenye mfumo wa shirika lililokufunza. Picha iliyotumwa na rafiki haikubaliki. Ataomba daftari la mbizi ili aone tarehe ya mwisho uliyoshuka kina kinachokaribiana na cha siku hiyo, na kama ni zamani, ana haki ya kukutaka upige mbizi fupi ya majaribio kwanza. Atakupa fomu ya afya, na ukijibu ndiyo kwenye maswali fulani, utahitaji idhini ya maandishi ya daktari, iliyotolewa kabla ya siku ya safari. Ukidanganya kwenye fomu, au ukishuka kupita kina cha cheti, kampuni ya bima inaweza kukataa dai lako, na nahodha anaweza kukuzuia usiingie tena majini siku hiyo. Tumeona malalamiko kwamba hatua hizo ni kali. Tunaziona zinafaa.

Bendera nayo ina sheria yake. Katika Florida, bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari inayopandishwa kwenye chombo isipungue inchi 20 kwa 24. Mpiga mbizi kwenye bahari wazi ajitahidi kubaki ndani ya futi 300 kutoka ilipo. Na bendera hiyo ishushwe wote wanapokuwa wamepanda chomboni. Kuiacha ikipepea bila mtu majini ni kosa, kwa sababu huwazoesha manahodha wengine kuipuuza. Anayeipoteza kamba ya boya wakati wa kupanda hubebwa na mkondo nje ya umbali huo kwa dakika chache, na kwa hiyo kila mmoja lazima awe na boya lake la kujaza hewa pamoja na kamba yake.

Baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, subiri saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi za siku kadhaa, saa 18. Na kama ulisimama vituo vya lazima, saa 24 au zaidi. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida vinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, na hakuna aibu kuvitaja. Hapo ndipo oksijeni halisi, ile iliyo kwenye mtungi wa dharura wa chombo, inapohitajika, na mgonjwa apewe mara moja huku mipango ya kumfikisha kwenye chumba cha mgandamizo ikifanywa. Kompyuta yake ya mbizi isizimwe wala kufutwa, bali aende nayo, kwa kuwa daktari atataka kujua alifika kina gani, kwa dakika ngapi, na alipanda kwa kasi ipi.