Cheche za treni ya mvuke: dohani pana, kuni, makaa ya mawe na mambo watu wanayoyaamini vibaya

Kuna picha ambayo lazima itokee kila watu wakiongelea treni za mvuke, ile ya tarehe 10 Mei 1869 pale Promontory Summit, Utah, siku reli ya mashariki na ya magharibi ya Marekani zilipokutana, injini mbili zimesimama zinatazamana na watu wamejaa katikati. Ukiangalia vizuri utaona zile injini hazifanani juu. Jupiter ina dohani pana kama faneli, No. 119 ina dohani nyembamba iliyonyooka tu. Na hapo ndo dhana ya kwanza inapozaliwa, watu wanasema ile pana ni urembo wa zamani, wengine eti ni pana ili ivute moshi mwingi injini ipate nguvu. Hapana kabisa. Jupiter ilikuwa inachoma kuni na 119 inachoma makaa ya mawe, tofauti yao kubwa iko hapo.

Ile faneli unayoiona kwa nje ni ganda. Dohani yenyewe iko ndani, ni bomba jembamba lililonyooka, na juu ya mdomo wa hilo bomba kimewekwa chuma chenye umbo la koni ambacho moshi unakigonga unapopanda. Ukikigonga unatawanyika pembeni na kugeuzwa kuelekea chini kidogo, sasa moshi ni mwepesi unaweza kupinda tena ukapanda, lakini vipande vya kaa vina uzito vinashindwa kupinda haraka hivyo, vinadondokea kwenye nafasi iliyo kati ya bomba na ganda, na vile vinavyobaki vinakutana na wavu wa waya juu kabisa. Kwa hiyo ule upana wote ni ghala la cheche, ukitoa lile ganda injini itavuta vilevile, ila utachoma mashamba ya watu njia nzima.

Dhana ya pili ndo inayonisumbua zaidi maana ina madhara mpaka leo: kwamba injini ikishafungwa kizuia cheche (yaani kifaa kama hicho cha koni na wavu) basi cheche zimeisha. Ili uone kwa nini sio kweli lazima uelewe cheche zinatoka wapi. Mvuke ukishasukuma pistoni hauachiwi hivihivi, unapelekwa chini ya dohani na kurushwa juu kwa nguvu (ule mlio wa chu-chu-chu ndo huo), na ukiruka unanyonya hewa yote iliyo kwenye chumba cha moshi mbele ya boila. Chumba kikinyonywa kinavuta hewa kupitia mabomba ya boila, na mabomba yanavuta kutoka kwenye moto, na moto unavuta hewa mpya kutoka chini. Mfumo mzuri sana kwa kweli, injini ikifanya kazi zaidi moto nao unapulizwa zaidi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Ila ni upepo uleule unaochochea moto ndo unaonyanyua vipande vya kaa na kuvipitisha kwenye mabomba mpaka nje. Treni nzito ikipanda mlima dereva amefungua mvuke wote, hapo moto unanyonywa vibaya mno, na ndo wakati cheche zinatoka nyingi kuliko wakati wowote.

Sasa weka wavu hapo. Ukiwa na matundu madogo sana unaziba kwa masizi na vipande, mvuto unapungua, moto unazubaa, presha ya boila inashuka na treni inasimama mlimani. Ukiwa na matundu makubwa cheche zinapita. Kila kizuia cheche kilichowahi kutengenezwa ni makubaliano kati ya hivyo viwili, hakuna kilichoweza kuondoka nje ya hapo, na ndo maana mafundi hawakuishia kwenye wavu mdogo zaidi, walienda kuvunja vipande vyenyewe. Kwenye injini za makaa za baadaye zile faneli zikapotea juu, kizuia cheche kikahamia ndani ya chumba cha moshi: bamba za chuma zinalazimisha moshi ushuke, upite chini kwa kasi, ugonge, vipande vipasuke viwe vidogo na vipoe ndipo vipite kwenye wavu. Reli ya Uingereza ilikuwa na injini nyingi za hivi, zilibandikwa kibao kidogo chenye herufi SC mbele kuonyesha chumba cha moshi kinajisafisha chenyewe. Kwa hiyo mtu akiona injini ina dohani iliyonyooka akasema hii haina kizuia cheche, anaweza kuwa amekosea, huenda kipo ila hakionekani.

Hata mahakama walijua hili zamani. Mwaka 1860 Uingereza kulikuwa na kesi ya Vaughan dhidi ya Taff Vale Railway, msitu wa mtu uliungua kwa cheche za injini, na kampuni ikashinda kwa sababu ilikuwa imeruhusiwa na bunge kutumia injini na ilikuwa imechukua kila tahadhari iliyojulikana wakati ule. Yaani ilikubalika kabisa kwamba unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado msitu ukaungua! Wakulima walibeba hasara hiyo mpaka sheria ya moto wa reli ya 1905, ambayo ilisema kampuni ilipe mazao yaliyoungua hata kama haikufanya uzembe, mwanzoni kikomo kilikuwa pauni 100, mwaka 1923 ikapandishwa mpaka 200. Naona ile sheria ilikuwa ya haki sana, maana mkulima hakuwa na lolote la kufanya kuhusu wavu wa injini inayopita.

Kuhusu fueli, wengi wanaamini kuni ni salama kuliko makaa ya mawe kwa sababu kuni ni laini, zinaungua haraka zinaisha. Ukweli uko upande wa pili. Kaa la kuni ni jepesi mno, upepo unalibeba mbali, na huko hewani linazidi kupulizwa kwa hiyo linatua likiwa bado jekundu. Zile dohani pana zilistawi zaidi Marekani kwa sababu hiyo, misitu ilikuwa tele kwa hiyo kuni ndo zilikuwa rahisi, na treni zilikuwa zinapita humohumo kwenye misitu na madaraja ya mbao. Kipande cha makaa ya mawe ni kizito zaidi na kingi kinabaki kwenye chumba cha moshi, kinarundikana mpaka mtu aje akichote na sepetu. Lakini makaa ya mawe nayo hayafanani, yale ya kahawia ambayo hayajakomaa yanatoa vipande vyepesi vinavyowaka, na ndo maana injini za Austria na Bohemia zilizoyatumia nazo zilivaa dohani zilizovimba juu kama za kuni. Fueli ndo inaamua umbo, sio nchi na sio mtindo.

Na sio kweli kwamba treni zote za mwanzo zilichoma makaa ya mawe. Rocket ya 1829 ilichoma koki, yaani makaa yaliyokwisha kuokwa moshi ukatoka, kwa sababu sheria ilidai injini isisumbue watu kwa moshi. Uingereza waliendelea na koki mpaka karibu 1860 walipofanikiwa kuweka tao la matofali ndani ya sanduku la moto, ule moshi ukalazimika kuzunguka na kuungua kabla haujafika kwenye mabomba.

Mafuta mazito nayo watu wanadhani ni jambo la juzi. Thomas Urquhart, msimamizi wa injini kwenye reli ya Urusi ya kusini, alikuwa anazitumia injini za mafuta miaka ya 1880, kwa mabaki ya mafuta ya Baku. Wanadhani pia kubadilisha ni kuacha kutupa makaa na kuanza kumimina mafuta. Sio hivyo, inabidi utoe chano za moto (vile vyuma vinavyobeba makaa), ujenge matofali yanayostahimili moto ndani ya sanduku, uweke bana (kichomeo) inayopuliza mafuta kwa mvuke yawe ukungu, na uwe na njia ya kuyapasha moto kwenye tangi maana yakipoa ni mazito hayatiririki. Big Boy 4014, injini ya kampuni ya reli ya Marekani Union Pacific, ya 1941, ilizaliwa ya makaa na iliporudi relini 2019 ilikuwa ya mafuta, ni kazi iliyofanywa ndani ya ukarabati wa miaka.

Faida yake kwa moto wa msitu ni ya kweli, hakuna kaa gumu la kuruka. Kule Colorado mwaka 2018 uliwaka moto ulioitwa 416, ukala ekari kama 54,000, serikali ya Marekani ikashtaki reli ya watalii ikidai umeanzishwa na vipande vya injini ya makaa, na mwaka 2022 kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 20. Reli ileile ikaingia kubadilisha injini zake kwenda mafuta. Ila usije ukasema mafuta ni masafi. Masizi yanaganda ndani ya mabomba, na kuyatoa fayamani (mtu anayelisha moto) anamwaga mchanga kwenye moto wakati injini inavuta kwa nguvu, unapita unayakwangua, halafu dohani inatoa wingu jeusi la kutisha.

Hilo wingu jeusi linanikumbusha, wapiga picha wanalipenda wanaona ndo nguvu. Moshi mweusi ni fueli ambayo haijaungua, basi. Injini inayofanya kazi vizuri juu unaona mvuke mweupe na moshi wa kijivu hafifu.

La mwisho, sio kila moto wa pembeni ya reli umetoka juu. Chini ya moto kuna sanduku la majivu, na kilango chake kikiwa kimepinda au kimeachwa wazi makaa hai yanadondoka kwenye mataruma na nyasi kavu, na hapo wavu wa dohani hauna msaada wowote. Breki zikikamata nazo zinarusha vipande vya chuma chekundu, hata treni ya dizeli inafanya hivyo. Ndo maana kwenye karakana zinazojali, siku za kiangazi, mtu anaingia kwenye chumba cha moshi na taa kukagua wavu kila kona, halafu anashuka chini ya injini kukagua sanduku la majivu, na pakipatikana pengo la kupitisha kidole injini haitoki siku hiyo.