"Mimi Sitafika Huko": Hesabu Inayowaponza Wastaafu

Haipiti wiki bila mteja ninayemshauri kuhusu kustaafu kuninyooshea simu, mara nyingi mtu wa bandarini Kilindini aliyebakisha mwaka mmoja au miwili astaafu. "Bi, tazama mwenyewe. Mkenya huishi miaka 64. Mimi natoka na 60. Hiyo minne nitaisukuma tu." Kisha anataka fedha zake zote kwa mkupuo, anunue tuktuk mbili.

Hapana. Hiyo 64 ni wastani unaohesabiwa tangu kuzaliwa. Ndani yake wamo watoto wachanga waliokufa, vijana walioondoka kwa ajali za bodaboda, kina mama waliofia uzazini. Wewe hayo yote umeshayavuka. Chukua watu kumi: wawili wafe siku waliyozaliwa, wanane wafike 80. Wastani wao ni 64, na hakuna hata mmoja aliyekufa na 64. (Mfano nimeutia chumvi makusudi.)

Swali la mstaafu ni hili: aliyekwisha kufika 60 hubakiwa na miaka mingapi? Kwa Kenya, wastani wake ni zaidi ya 15, na wanawake huwazidi wanaume. Wenye kutunga sera huhesabu hivyo. Denmark iliamua mwaka 2006 kuufuatanisha umri wa pensheni na miaka waliyobakiwa nayo watu wa 60, na mwaka 2025 bunge lake likapitisha kwamba umri huo utakuwa 70 kufikia 2040. Sisi tunauliza Google.

Sasa piga hesabu ya nyumbani. Ukiishi hadi 78, hiyo ni miezi 216 ya unga, kodi, na dawa za presha na sukari. Ni tuktuk gani ya Mombasa, kwa hewa hii ya chumvi, itakayodumu miezi 216? Ushauri wangu, na wanaonijua wameshauchoka: chukua theluthi moja taslimu, iliyobaki igeuze pensheni ya kila mwezi utakayolipwa maisha yako yote. Tuktuk nunua, lakini moja.

Kisha huja majibu yao. "Watoto ndio pensheni yangu." Bibi zetu walizaa wanane, wakigawana mzigo unabebeka. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 uliwakuta wanawake wa Kenya na wastani wa watoto 3.4, na hao watatu nao wanalipa karo na kodi Kisauni. Wasaidie kukusaidia.

"Wazee wakiongezwa miaka kazini, vijana watakosa ajira." Hili huwa silibishani sana. Ufaransa ilishusha umri wa kustaafu kutoka 65 hadi 60 mwaka 1982, na vijana wake wakaendelea kuhangaika na ajira. Kazi hazihesabiki kama viti vya matatu, kwamba mmoja ashuke ndipo mwingine aketi.

"Serikali italipa, kuna Inua Jamii." Ipo, hiyo ruzuku ya serikali kwa wazee, na nashukuru ipo. Lakini ni shilingi 2,000 kwa mwezi, haifiki 70 kwa siku, na huanza ukiwa na miaka 70. Ukistaafu na 60, miaka kumi ya katikati ni yako peke yako. Tena haiji yenyewe: usipoandikishwa, hupati. Kama una mzazi nyumbani aliyetimiza umri, angalia jina la kwenye kitambulisho chake lisiwe na herufi iliyokosewa.

"Pensheni ni riba." Hofu hii naiheshimu, ila haifungi mlango. Hapa nchini zipo skimu za pensheni zinazowekeza kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo mawili: ni mashekhe gani wanaokagua uwekezaji wao, na kama wamesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia skimu za pensheni. Wakianza kubabaika, vaa viatu uondoke.